Safari ya Doto Kwenda Harusi ya Kulwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupenda usafi kupita kiasi. Mwezi mmoja kabla ya safari niliifungua kabureta ya Doto juu ya meza ya jikoni, nikaosha kila kipande kwa petroli, nikapiga mswaki kila tundu, kisha nikavipanga vyote kwenye ungo na kuvianika juu ya bati, kando ya michembe ya Mama, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Vilikaa juani siku tatu. Mama alikuwa anapanda ngazi kugeuza viazi vyake, na mimi napanda kugeuza vipande vyangu. Nilijiona fundi wa kweli.

Mlioniuliza kwenye kundi safari ya Nyarugusu ilikuwaje, nawaandikia yote kwa mara moja, maana nikimsimulia mmoja mmoja naongeza chumvi. Habari za bima na leseni naziruka. Ila kabla hatujaondoka lazima mjue Doto ni nani.

Dada yangu anaitwa Kulwa ingawa hakuzaliwa pacha. Wiki aliyozaliwa, Baba, aliyekuwa karani wa kununua pamba, alileta nyumbani pikapu ndogo ya Kijapani, rangi ya maziwa, ambayo tayari ilikuwa imetumika miaka mingi. Akatangaza kwamba mke wake amejifungua mmoja na yeye amejifungua mwingine. Mtoto akaitwa Kulwa, gari likaitwa Doto. Mimi nilipokuja baadaye nikaitwa Shija, kama anavyoitwa kwetu mtoto anayewafuata mapacha. Kwa hiyo hata jina langu limetokana na gari.

Baba alipofariki, Doto alikaa uani miaka miwili na kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Kisha Kulwa, ambaye ni mwalimu Nyarugusu, akapata mchumba huko huko. Alipiga simu akaomba jambo moja tu: siku ya kwenda kanisani hataki gari la kukodi lenye maua ya plastiki. Anataka kupelekwa na pacha wake.

Mama hakukubali kirahisi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuja getini mara tatu kumwulizia Doto, na mara ya mwisho Mama alimpa kiti. Akaniwekea sharti. "Doto akifika Nyarugusu mwenyewe, atarudi na atabaki. Akishindwa njiani, namwita mtu wa vyuma. Sitaki kumlilia baba yako mara mbili."

Mimi sijasomea ufundi. Nimejifunza kwenye simu, usiku kwa usiku, na kila ninachojifunza nakiandika kwenye daftari lenye mistari niliyoichora kwa rula. Baada ya kuiosha kabureta ile, Doto aliwaka kwa mara ya kwanza. Mliiona video niliyowatumia, injini inanguruma na glasi ya maji iliyo juu ya boneti haimwagiki. Niliandika, "Kazi imekwisha." Huo ulikuwa uongo. Doto alikuwa mzuri akiwa amesimama tu. Nikikanyaga mafuta ili aondoke, injini ilisita. Ilinyamaza kwa muda wa mtu kutamka jina lake lote, kisha ikakumbuka kazi yake na kuruka mbele kama mbuzi. Wiki tatu nilizungusha skrubu ya hewa, robo mzunguko kulia, robo mzunguko kushoto, nikiandika. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, maana mlikuwa mmekwisha kunipongeza.

Shinyanga hadi Tinde

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, harusi ikiwa Jumamosi. Nyuma tulipakia mchele, mfuko wa michembe, karanga na sanduku la Mama. Gauni lake la harusi alilipakata mwenyewe mapajani, limefungwa kwenye shuka.

Njia fupi ya kwenda Nyarugusu ingekuwa kupitia Kakola, lakini tulitakiwa kwanza kupita Ushirombo kumchukua Shangazi, dada yake Baba. Kwetu huwezi kumwozesha binti shangazi yake akiwa nyumbani amekaa. Atakayesimama upande wa baba ni nani?

Barabara tambarare ilinisaidia. Niligundua kwamba nikikanyaga mafuta taratibu sana, Doto hasiti. Basi nikaendesha kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Mama alifikiri ni adabu ya barabarani, akanisifu kwamba naendesha kama marehemu. Nikapokea sifa hiyo nikiwa na jasho mgongoni.

Tatizo la Tinde ni kwamba ukitoka Shinyanga kwenda Kahama unakata kulia, mbele ya magari yanayotoka Nzega. Nilisimama, nikasubiri. Nikaona nafasi, lori lilikuwa mbali. Nikakanyaga. Doto akaingia katikati ya barabara akanyamaza.

Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Nakumbuka taa za lori, honi yake, na mkono wa Mama ukiishika dashibodi pale pale alipozoea kushika wakati Baba anaendesha. Kisha injini ikaamka, tukaruka hadi upande wa pili, lori likapita nyuma yetu likituachia vumbi na matusi.

Nilisimama kando. Mama alikunja upya shuka la gauni lake, taratibu, kona kwa kona. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Shija. Hii ndiyo ile kazi iliyokwisha?"

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akafungua chupa ya chai, akanimiminia mimi kwanza.

Tinde hadi Kahama

Kipande hiki wengine hukimaliza saa moja na ushee. Sisi kilitumaliza asubuhi nzima, na kosa ni langu. Kila baada ya muda nilisimama, nikafungua boneti, nikatoa bisibisi na daftari. Nikizungusha kulia, injini ilitetemeka. Nikizungusha kushoto, ilinuka petroli na kutoa moshi mweusi. Kusita kulibaki pale pale.

Isaka tulikula mihogo ya kukaanga na kachumbari kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na maegesho ya malori. Alipotuona tumesimama, tumeondoka, tumesimama tena hatua hamsini mbele, mimi ninaandika na Mama ananiangalia, alituma mtu kuuliza kama sisi ni wale wa kupima barabara, kwa sababu kibanda chake kiko karibu sana na lami na anataka kujua kama kitabomolewa. Mama akajibu awe na amani, sisi wenyewe hatujui tunapima nini. Tukapewa mihogo ya nyongeza.

Tulipopita vilima vya udongo vya mgodi wa Buzwagi nilikuwa nimefika ukurasa wa ishirini. Kahama niliingia gereji, si kwa kuomba msaada bali kuazima spana moja ndogo. Fundi, kijana wa rika langu, alifungua kifuniko cha chujio, akaichungulia kabureta, akacheka.

"Kaka, hii kabureta ni safi kuliko sahani za kwetu," akasema. Kisha akauliza, "Pampu yake inarusha?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo palipo na aibu yangu yote. Ndani ya kabureta kuna pampu ndogo. Ukikanyaga mafuta kwa ghafla, hewa inaingia upesi kuliko petroli, kwa hiyo pampu hiyo hurusha petroli kidogo kuziba pengo. Nilijua hilo. Lilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeiosha pampu hiyo kwa mkono wangu. Lakini sikuwahi kuangalia kama inarusha. Na kwa kuwa aliuliza mtu anayetafuna muwa huku anacheka, nilimjibu, "Nimeshaikagua."

Akaniangalia. "Haya, bosi," akasema, akarudi kwenye pikipiki yake.

Kahama hadi Ushirombo

Masumbwe tulisimama kwa sababu injini ilichemka. Nilikuwa nimeinama mbele na Mama amekwenda kutafuta maji. Nikasikia Doto anatikisika. Kuinuka, naona mama mmoja mnene amekwisha kupakia matenga mawili ya kuku juu ya mchele wetu na anafunga kamba.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kusimama, akaniuliza mbona leo nimechelewa na yule mwenzangu mwenye kofia yuko wapi. Ilichukua muda kuelewana. Kumbe kuna pikapu nyeupe ya mfanyabiashara wa kuku inayopita siku za Alhamisi, na yeye huwa anapakia tu, wanahesabiana baadaye. Nilipomwambia sisi tunakwenda harusini, alikataa kuamini kwamba gari lililofunguliwa boneti namna ile linaweza kwenda harusini. Mama aliporudi ndiye aliyemaliza mambo kwa Kisukuma, na wakaagana kama ndugu. Kuku walishuka, ila mmoja alikwisha kutaga juu ya gunia. Yule mama akasema yai ni la bibi harusi.

Tuliingia Ushirombo jua likianza kulala. Nyumba ya Shangazi iko juu ya kilima kidogo, mtaa wa kuelekea misheni. Kilima chenyewe hakimshindi hata mzee wa baiskeli. Nikabadilisha gia, nikakanyaga. Doto akasita, akatikisika mara mbili, akazima. Niliwasha, akazima tena. Wanakwaya waliokuwa wanatoka mazoezini wakaweka vitabu vyao juu ya mchele, wakatusukuma hadi mlangoni, wakiimba.

Shangazi alitoka na kanga kiunoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Ni mwembamba, mrefu, na kwa miaka yote ninayomkumbuka amekuwa akizunguka na baiskeli akiuza samli na maziwa mtaa kwa mtaa. Mama hakucheka. Akateremka na gauni lake, akatangaza pale pale mbele ya wanakwaya kwamba Doto ameshindwa njiani.

Shangazi akamwambia kusukumwa si kushindwa, hata watu husukumwa. Walibishana muda mrefu kwa heshima kubwa, wifi huku, wifi kule. Mwisho Mama akakata shauri. "Kesho tunapanda basi la saa tatu. Doto atabaki hapa. Nitampigia mtu wa vyuma amfuate."

Tulikula ugali na samaki wa kukausha. Sikusikia ladha yake.

Ushirombo

Asubuhi nilikuwa uani kabla ya mtu mwingine. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na daftari langu, nikasoma kurasa zote ishirini na mbili. Hakuna ukurasa uliokuwa na jibu. Mama alikuwa ndani anafunga mizigo ya basi.

Shangazi akatoka na baiskeli. Alitaka kuipeleka kwa jirani yake, kiongozi wa kwaya, aitumie wakati yeye hayupo, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa limelegea. Akachomeka pampu, akasukuma. Hewa ikatoka pembeni kwa mluzi. Akasukuma tena, mluzi tena. Hakukasirika. Akaifungua pampu, akavuta fimbo yake, na mwishoni mwa fimbo pakatokea kikombe kidogo cha ngozi. Akakibonyeza kwa kidole.

"Kimekauka," akasema, kama anayezungumza na baiskeli. Akaingiza kidole kwenye kopo la samli, akakipaka ndani na nje, akazitanua kingo zake, akairudisha fimbo. Alisukuma mara tano na gurudumu likawa gumu kama jiwe.

Nilisimama. Daftari lilianguka na sikuliokota. Kama mmewahi kutafuta ufunguo nyumba nzima na kuukuta mkononi, basi mnajua.

Nilifungua kabureta palepale kwenye boneti, nikatoa ile pampu ndogo na kumpelekea Shangazi kwenye kiganja. Ncha yake ilikuwa ni ngozi, kikombe kama kile cha baiskeli, ila kidogo kama kifungo cha shati. Akakibonyeza. Kilitoa sauti ya kitu kikavu.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "hii uliianika?"

"Siku tatu. Juu ya bati."

Mama alikuwa amefika mlangoni. Akachungulia kiganja cha Shangazi. "Ulikianika na michembe yangu," akasema. "Hiki nacho ni mchembe."

Na kweli kilikuwa hivyo, kimesinyaa, kigumu, kingo zimejikunja ndani. Petroli ilikuwa inapita pembeni yake kama hewa ilivyopita kwenye pampu ya Shangazi. Robo mzunguko zangu zote, kulia na kushoto, hazikuwa na uhusiano wowote na jambo hili. Nilikuwa nimeliharibu mimi mwenyewe siku ya kwanza, kwa usafi.

Nilitaka kulia, na sioni sababu ya kuwaficha. Shangazi hakunipa nafasi. Alimwuliza Mama basi linapita saa ngapi. Mama akasema saa tatu. Ilikuwa saa moja na robo. Shangazi akapasha samli moto, tukakilowanisha kile kikombe, tukakibembeleza. Kililainika kidogo, lakini kingo zilibaki fupi. Nilikirudisha, nikachungulia ndani ya koo la kabureta na kusukuma kwa mkono kidude cha mafuta, kile kinachovutwa na pedali. Petroli ilitoka matone mawili, kama machozi ya mtu anayejizuia.

"Kimekufa," nikasema.

"Basi tengeneza kingine," akajibu Shangazi. Akaingia ndani, akarudi na kikopo cha kiwi chenye vifaa vyake vya baiskeli, akanipa ngozi mpya ya pampu, ile aliyokuwa akijiwekea akiba. "Hii ni ya ng'ombe wa kaka yangu. Baba yako ndiye aliyenikatia nilipoanza biashara."

Ilikuwa moja tu. Na hapa, jamani, ile tabia yangu ya kupima kila kitu mnayonichekea ikapata kazi. Nilikata duara kwa wembe kwa kufuatisha lile la zamani, nikiacha ukingo wa ziada. Nikatoboa katikati kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Nikalilowanisha kwenye samli ya moto, nikalikunja juu ya ncha ya mpini wa mwiko, nikalifunga kwa uzi. Tukanywa chai likingojea kukaa sawa. Nikalijaribu kwenye tundu lake. Likagoma kuingia. Nikapunguza kwa wembe, unene wa unywele. Likagoma. Nikapunguza tena. Mara ya tatu liliingia nusu. Shangazi alitaka nilisukume kwa nguvu, nikakataa. Mara ya nne liliteleza, na nilipolivuta lilinivuta nalo, kama kidole kilichokwama kwenye chupa.

Nilipoinua kichwa, Mama hakuwepo. Mizigo haikuwepo. Shangazi akasema amekwenda kituoni, kwa sababu saa tatu kasorobo imepita.

Nilirudisha kabureta, skrubu ya hewa nikaiweka pale alipokuwa ameiacha Baba, kama lilivyosema daftari, nikachungulia, nikasukuma kidude. Petroli ikaruka uzi mmoja mwembamba, mnyofu, ikagonga ukuta wa pili. Shangazi akatupa kanga begani na mfuko wake wa nguo nyuma, akaingia ndani ya gari bila kuuliza kama linawaka.

Mama alikuwa amesimama kituoni na gauni mikononi, mizigo miguuni. Basi lilikuwa linaonekana mbali linakuja. Nilisimama mbele yake, nikapakia mizigo nyuma. Hakuingia. Aliangalia upande wa Kahama, ambako lori la mkaa lilikuwa linashuka, akaangalia upande wa pili wa barabara, kisha akaniangalia mimi.

"Vuka pale," akasema. "Kama Tinde."

Ningeweza kusubiri lori lipite. Sikusubiri. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu Doto awake. Aliondoka. Hakunyamaza, hakuruka, aliondoka tu, kama mtu aliyeitwa na mamaye. Tulikuwa upande wa pili na lori bado halijafika. Shangazi akapiga kofi kwenye dashibodi mpaka vumbi likaruka.

Mama alivuka kwa miguu, taratibu, akiangalia kulia na kushoto. Akafungua mlango, akamsukuma wifi yake katikati, akakaa. Basi likapiga honi. Akalipungia mkono liende.

Ushirombo hadi Nyarugusu

Sitasema mengi kuhusu kipande hiki kwa sababu nilikuwa na furaha, na furaha haina matukio. Barabara ya vumbi ya kuelekea Katoro ina mawimbi yanayotikisa meno. Doto aliyapanda na kuyashuka. Tulilipita lile basi lilipokuwa linashusha abiria, na kondakta akatutambua akatoa kichwa nje kutupigia mluzi. Shangazi alidai turudi nyuma tulipite tena.

Kila nilipokanyaga, nilisikiliza. Mara mia nilisikiliza. Mama aligundua, akaniambia niache kumkagua Doto kama mtoto aliyepona homa. Nilimwambia siwezi. Akasema anajua kwamba siwezi, kisha akanimenyea karanga akaniwekea kiganjani, moja moja, hadi tulipokata kushika njia ya Nyarugusu.

Tulikula michembe iliyochemshwa na Shangazi asubuhi ile ile wakati mimi ninapambana na wembe. Ilikuwa laini. Hakuna aliyesema lolote kuhusu kulainika kwake, ila wote watatu tulicheka tulipouma.

Nyarugusu

Unaisikia Nyarugusu kabla ya kuiona, kwa sababu ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Yanagonga mchana kutwa na watu wanaongea kwa kupaza sauti hata nyumbani. Kulwa aliniambia baadaye kwamba alikuwa ndani anasukwa nywele, na katikati ya makelele hayo alisikia injini moja, akamsukuma msusi, akatoka na kichwa nusu kimesukwa. Alikuja hadi kwa Doto kabla hajaja kwa mama yake. Akaweka shavu kwenye boneti, akalitoa haraka kwa sababu boneti ilikuwa ya moto. Kisha akatuamkia.

Mama alimwonyesha yai la Masumbwe. Lilikuwa zima.

Jumamosi tulimwosha Doto, na safari hii Shangazi alinisimamia nisizidishe. Njia ya kwenda kanisani inapita katikati ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kisha inapanda kilima cha kokoto. Nilimbeba Kulwa mbele na Mama katikati, Shangazi akasimama nyuma kwa gauni la hariri, ameshika vyuma, anapiga vigelegele. Watu wa bwana harusi walikuwa na magari matatu mapya mbele yetu. Katikati ya kilima tipa la mawe likakata njia na msafara wote ukasimama, pua zikiwa zimeelekea mbinguni.

Wachimbaji walitoka kwenye maduara yao kutuangalia, udongo mpaka kwenye kope. Mmoja akauliza kwa sauti kama tunahitaji kamba. Mama alisikia neno kamba. Niliuona mkono wake unakwenda kwenye dashibodi.

Tipa likaondoka. Magari mapya yakapanda. Nikaachia breki, nikakanyaga. Doto akapanda na Kulwa, na Mama, na Shangazi, na mfuko wa mchele niliosahau kuushusha, bila kusita hata kidogo. Nyuma yetu wale wachimbaji wakapaza sauti, "Limetema!" Ndivyo wanavyosema shimo linapotoa dhahabu. Kulwa alikuwa analia na poda inashuka. Mama alikuwa ameondoa mkono kwenye dashibodi na ameuweka kwenye goti langu.

Baada ya ibada alinifuata mzee mmoja, fundi wa makarasha, mjomba wa shemeji yangu. Alikuwa amesikiliza jinsi gari lilivyopanda. Akaomba nifungue boneti, akasukuma kidude kwa kidole, akaona ule uzi wa petroli. Akauliza ni nani aliyetengeneza pampu ile, maana yeye ngozi za namna hiyo hazipati tena madukani.

Jibu la zamani, lile la kujisifu, lilifika mpaka kwenye meno. Nikaligeuza. "Mimi niliiharibu," nikasema, "na ngozi na akili ni za Shangazi. Nilichofanya ni kukata." Mzee akaenda kumtafuta Shangazi, na walikaa pamoja mpaka keki ikakatwa, wakichorana kwenye vumbi maumbo ya vikombe vya ngozi.

Tumerudi Shinyanga wiki ya pili sasa, kwa njia ile ile, na Tinde tulikata kushoto bila mtu kushika dashibodi. Doto analala uani chini ya turubai jipya ambalo Mama alilinunua mwenyewe. Mtu wa vyuma alikuja mara moja, akapewa chai, hakupewa kiti. Mimi bado nina daftari na bado nachora mistari kwa rula. Lakini ile video nimeifuta, na gari likinisumbua siku hizi nawaandikieni siku hiyo hiyo kwamba limenishinda.